Mgeni haui mila

Wapo wanaosema kwamba mila ikishaanza kutazamwa na wageni imekufa, na kilichobaki ni maigizo. Hofu hiyo naielewa, ila inamlaumu asiyestahili. Sherehe ya kijiji haiharibiwi na macho ya mgeni. Huharibika siku wenyewe wanapomwachia mgeni, au anayemleta, aamue ianze lini na nini kionyeshwe. Ushahidi mzuri uko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kutoka kwetu Zongwe, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ni safari ndefu: Kalemie, kuvuka ziwa hadi Kigoma, treni mpaka Dar es Salaam, kisha boti. Lakini Kiswahili kinakufikisha njia nzima, na mtu wa kwetu akifika ataelewa mengi yanayompita mtalii wa Ulaya.

Kila Julai Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa hesabu ya Nairuzi yenye asili ya Uajemi. Wanaume wa pande mbili za mji hutwangana kwa mashina ya migomba mpaka yanachanikachanika, na ugomvi wa mwaka uliopita huachwa palepale uwanjani. Wanawake waliojipamba huzunguka wakiimba nyimbo ambazo siku nyingine zingeleta kesi. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto mtu akiwa ndani. Mtu huyo huchomoka mbio, na wazee hutazama moshi umeelekea wapi ili kujua mwaka utakuwaje. Nyuma ya hayo kuna kalenda ya siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa miongo hiyo wakulima walijua wakati wa kupanda, na mabaharia walijua pepo. Hesabu ya namna hiyo haifuati likizo za Ulaya. Tena mgeni ana nafasi yake humo, maana inaaminika kwamba asiyepata mgeni siku hizo amekosa heri. Anayekwenda kutazama anatimiza jambo ambalo sherehe yenyewe inalitaka.

Pingamizi zito zaidi ni la dini. Makunduchi ni mji wa Waislamu, na wapo wanaoona kubashiri kwa moshi hakuendani na tauhidi. Kwetu, ambako Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa, mwaka 1885, matambiko kwa ngulu, pepo wa milima na maji wanaojulikana sana kwa Watabwa, huitwa ushetani. Muumini ana haki ya kukaa mbali. Lakini kutazama si kuabudu, na asiyejua babu zake walitoa nini, na kwa nini, hawezi hata kueleza ameacha nini. Msafiri Stanley, katika kitabu chake cha 1872, alisimulia jinsi waliopita mlima Kabogo kwa mitumbwi walivyotupa shanga na kitambaa majini kumtuliza mungu wa ziwa. Inasikitisha kwamba habari hiyo tunaisoma kwa mgeni. Kwingine si hivyo: Watibeti wa Rebkong, mkoani Qinghai nchini China, bado wanajisimulia wenyewe. Katika sherehe yao ya Luröl, mwezi wa sita wa kalenda ya mwandamo wa mwezi, vijana hutobolewa mashavu kwa sindano ndefu, na lhawa aliyepandwa na mungu wa mlima huongoza ibada na hata kuwakaripia wanakijiji mbele ya watazamaji. Sherehe hiyo iliwahi kunyamazishwa, na aliyeinyamazisha hakuwa mtalii: ilipigwa marufuku wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ikafufuka baadaye kwa sababu wazee walikuwa bado wanaikumbuka.

Inabaki fedha. Kijiji maskini kitakataaje mtu anayelipa ili tambiko lirudiwe kwa ajili ya kamera yake? Kitaweza iwapo kitamlipisha chakula, malazi na pikipiki, vitu vinavyouzika kila siku, na tambiko likabaki nje ya bei. Kwa vijiji vya Kalemie vinavyotaka kupokea wageni, kazi ya kwanza ni ya wazee: wakubaliane ni mahali gani mgeni hafiki na ni saa gani simu zinazimwa, na dereva wa pikipiki awe ameambiwa kabla hajampakia mtu.