Je, Wajua? Mwani Husafisha Maji ya Zizini

Mwani mdogo, ule unaofanya maji ya dimbwi yawe ya kijani, hula vitu vinavyochafua mito: nitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye maji ya samadi. Huko Beltsville, Maryland, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitiririsha samadi ya ng'ombe wa maziwa, iliyozimuliwa kwa maji, juu ya wavu uliotandazwa kwenye mifereji yenye mteremko. Mwani uliota kwenye wavu; wakauvuna kwa mashine ya kufyonza, wakaukausha na kuusaga. Ulipochanganywa na udongo, miche ya mahindi na matango ilikua vizuri, sawa na iliyopewa mbolea ya dukani. Kwa mfugaji, uchafu ukivunwa ni mali.