Mgeni na Jembe Lake

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini je, ikiwa mwenyeji na mgeni hawajapatana ni kazi gani italimwa? Ubishi wa namna hiyo ulitokea kati ya Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na majeshi ya majirani, nao watu wa Masisi waliona matokeo yake.

Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Juni waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, na wakuu wa nchi za Jumuiya wakakata shauri kupeleka jeshi la pamoja. Rais alikubali, ila askari wa Rwanda wasiwemo, kwani huishitaki nchi hiyo kuwa yawasaidia waasi; nayo yakana. Tarehe 12 Novemba Wakenya walitua Goma.

Rais alidai kwamba wageni hao wamekuja kuwapiga waasi. Mkuu wao, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, alisema silaha ni njia ya mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindwa. Tarehe 4 Februari 2023, mkutanoni Bujumbura, Rais alimwonya asiwapendelee M23. Mwezi wa Mei, akiwa Botswana, alilalamika tena kwamba baadhi ya majeshi hayo yakaa na waasi pasipo ugomvi.

Huko Masisi, Kitshanga ilikuwa imekwisha kutekwa mwezi wa Januari. Mwezi wa Machi askari wa Burundi waliwekwa Sake, Mushaki na kwingineko, lakini waasi hawakuondoka kabisa. Mwezi wa Oktoba mapigano yaliwaka upya, na jamaa nyingi ziliacha mashamba na ng'ombe zikakimbilia kambi za Goma.

Rais hakukubali muda wa jeshi hilo uongezwe. Ukaisha tarehe 8 Desemba 2023. Badala yake waliletwa askari wa Afrika ya Kusini, Tanzania na Malawi, waliotumwa na nchi za Kusini mwa Afrika, nao walipewa ruhusa ya kupigana. Sasa mwenyeji alipata jembe alilolitaka. Hata hivyo, Januari 2025 Masisi, Sake na Goma zilitekwa, na askari 14 wa Afrika ya Kusini walipoteza maisha. Tarehe 13 Machi nchi hizo zilikata shauri kuwarudisha askari wao.

Rais alikuwa na haki ya kuuliza kazi ya wageni. Mwenye nyumba yampasa kujua nani analala kwake, na kwa nini. Lakini swali hilo lilistahili jibu lililo wazi kabla mgeni hajavuka kizingiti. Tena kuna jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Wa kwanza walisimama katikati, wa pili walipigana, na wote wawili wakaondoka pasipo mavuno. Mgeni aweza kusaidia siku ya palizi. Shamba lenyewe hulimwa na wenyewe, kwa serikali yenye haki na kwa mapatano ya kweli kati ya majirani.