Bima ya Afya Chuoni: Kabla Hujalipa, Uliza Kama Tayari Umelipiwa

Mwanafunzi anayefika chuoni hupanga bajeti yake vizuri tu: kodi ya chumba, mtungi mdogo wa gesi, unga, bando, nauli ya kurudi nyumbani muhula ukiisha. Hospitali haimo. Akiwa na miaka 20 na nguvu zake, hospitali anaiona ni mahali pa wazee na watoto. Halafu siku moja bodaboda inateleza karibu na geti, au tumbo linamuuma usiku kucha na daktari anasema ni kidole tumbo, upasuaji ni leo. Kesho yake kuna grupu jipya la WhatsApp lenye jina lake.

Michango hiyo tunaijua, kwa sababu hupitia kwenye simu. Hamsini, mia, mia mbili. Ni moyo mzuri, lakini komredi anayekuchangia naye anangoja pesa ya HELB. Bili ya upasuaji haimalizwi na hamsini hamsini. Kwa hivyo leo hebu tuongee kuhusu bima ambayo mfuko wa mwanafunzi unaweza kuibeba.

Tuanze na SHA, kwani ndiyo ya bei ya chini na kila Mkenya anatakiwa awe amejisajili. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usidhani kwamba kwa kuwa jina lako lilikuwa kwenye kadi ya NHIF ya mzazi basi lilihama lenyewe. Na kama ulisoma sekondari ya umma enzi za EduAfya, ule mpango ulioanza 2018, hiyo ilikuwa ya shule. Haikufuati chuoni.

Simu moja nyumbani

Wateja wengi vijana hutuuliza walipe wapi na walipe vipi. Sisi huwarudisha nyuma kidogo: kwani una hakika unatakiwa kulipa?

Mzazi aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya SHA. Anayepata 30,000, kwa mfano, hukatwa shilingi 825. Pesa hizo hazimlindi yeye peke yake, bali pia mume au mke wake na watoto wanaomtegemea. Na mtoto hapa si wa chekechea pekee. Aliye chuoni kwa masomo ya kutwa na hajafikisha miaka 25 bado anahesabiwa kuwa tegemezi. Mzazi asiye na mwajiri, awe mama mboga au fundi, akilipia nyumba yake, hesabu ni hiyo hiyo: ni mchango mmoja wa nyumba nzima.

Lakini lazima jina lako liwe kwenye orodha yake. Ni rahisi mzazi kusajili wale wadogo kwa vyeti vyao vya kuzaliwa na kumwacha mkubwa, akifikiri kwamba mwenye kitambulisho anajitegemea. Basi piga simu: "Mama, ulipotusajili SHA, mimi uliniweka?" Kama hukuwekwa, anaweza kukuongeza kupitia *147# au tovuti ya Afya Yangu, au aende Huduma Centre asaidiwe. Fanya hivyo kabla hujakimbilia kujisajili peke yako kama mchangiaji. Hakuna haja ya kulipa 3,600 kwa kitu ambacho mzazi wako ashakilipia kwa jasho lake.

Kama mzigo ni wako

Wapo ambao simu hiyo haitawasaidia. Umepita miaka 25, au wazazi hawapo, au wapo lakini hawajalipa na hawana dalili ya kulipa, au wewe mwenyewe una mtoto na nyumba yako. Hapo utajisajili kwa jina lako na kuulizwa maswali kuhusu unavyoishi: paa ni la nini, kuta ni za nini, maji mnatoa wapi. Majibu yako ndiyo yanayotumika kukadiria mapato ya nyumba, kisha unatozwa asilimia 2.75 ya makadirio hayo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na mwanafunzi asiye na kipato cha maana anatarajiwa kuwa huko chini. Jibu ukweli, na usijibu kwa haraka huku unapanda matatu. Ukiona kiasi ulichowekewa hakifanani na maisha yako, uliza kabla ya kulipa.

Shida ni kwamba asiye na mwajiri hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mia tatu mara 12 ni 3,600. Ukweli usemwe, hapa ndipo wengi wanakwama. NHIF ya aliyejiajiri ilikuwa 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, lakini mtu aliilipa kidogo kidogo. Sasa kwa mtu wa kiwango cha chini ni nafuu zaidi, ila inadaiwa yote kwa siku moja, na kwa anayeishi kwa madondo na chapati, siku hiyo haifiki.

Njia tunayoipenda ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: fungua akiba ya pembeni kwenye simu, ile ambayo huwezi kuichomoa kwa urahisi, uweke mia kila Jumatatu. Wiki 36 zikiisha una 3,600. Ukipata pesa ya HELB, weka kipande kikubwa siku hiyo hiyo kabla viatu havijaanza kukuita. Serikali pia ina mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wanaotaka kulipa kwa awamu. Kumbuka huo ni mkopo. Soma gharama yake na ujue nini kinafanyika ukikosa awamu moja.

Unapata nini hasa

Hata kama huna shilingi, jisajili. Matibabu ya kwenye zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, yanalipiwa na serikali kupitia mfuko wa afya ya msingi, na kinachohitajika ni uwe umesajiliwa. Mchango wenyewe ndio unaofungua hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu: kulazwa, upasuaji na kujifungua. Kwa kujifungua, SHA hulipa shilingi 10,000 kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Komredi mjamzito asingoje mwezi wa tisa ndio aanze kuulizia.

Hatutapamba. Kuna siku utafika kituoni uambiwe dawa zimeisha, ukanunue kwa famasi nje. Kuna hospitali za kibinafsi ambazo hazina mkataba na SHA, kwa hivyo uliza iliyo karibu na chuo kabla hujaugua.

Angalia pia karatasi yako ya karo. Vyuo vingi hutoza ada ya matibabu, na mwanafunzi hulipa bila kujua ananunua nini. Mara nyingi ni huduma ya zahanati ya chuo tu. Uliza kama inagusa kulazwa.

Na ile bima ya ajali unayodaiwa kabla ya kwenda atachimenti? Ni ya ajali. Malaria haimo. Ukiuziwa bima ya kibinafsi, uliza kama ni ya kulazwa pekee au hata ya kutibiwa na kurudi nyumbani, utangoje muda gani kabla haijaanza kufanya kazi, na wanasemaje kuhusu pumu au ugonjwa ulio nao tayari. Kisha hakikisha kampuni iko kwenye orodha ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Ukiwa tayari kulipa

Kujisajili SHA ni bure. Anayekuitisha mia mbili "ya fomu" anakuibia. Mchango wa SHA hautumwi kwa nambari ya simu ya mtu, hata akijiita ajenti na awe na picha yenye tai. PIN yako haiulizwi na hospitali, na wala haiulizwi nasi. Kodi yoyote inayoingia kwenye simu yako ukiwa hospitalini ni ya kutumika pale pale, wewe ukiwepo; anayekupigia baadaye akitaka umsomee kodi, mkatie simu.

Fuata menyu ya *147#, na soma nambari ya kitambulisho mara mbili kabla ya kuweka PIN, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa unaweza kumlipia mtu usiyemjua. Hifadhi meseji ya uthibitisho. Kesho yake rudi kwenye menyu uangalie kama malipo yamesoma. Kama hayajasoma, wasiliana na SHA ukiwa na ile kodi ya muamala mkononi, na ufanye hivyo ukiwa mzima.