Doti moja tu: imeili moja inavyozaa akaunti kumi, na nani anaumia

Kuna ujanja unazunguka kwenye makafe miaka mingi sasa. Mtu anataka kufungua akaunti ya pili kwenye websaiti fulani, websaiti inamjibu imeili hii imeshatumika. Jirani wa mashine ya pembeni anamwambia, "Weka doti katikati ya jina, itapita." Anaweka, inapita kweli, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye boksi lilelile la zamani. Kicheko kidogo, kila mtu anarudi kwenye mambo yake.

Leo tuone kwa nini inapita. Na tuone pia doti hiyohiyo inavyoweza kumfanya mtu alipie huduma ya mtu asiyemjua, kwa kadi yake mwenyewe, bila hata paswedi yake kuibiwa.

Tuanzie posta ya kawaida. Wengi wetu tumekulia kwenye sanduku la kuazima: barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule, ya parokia, ya msikiti au ya ofisi anakofanya kazi mjomba. Juu ya bahasha majina ishirini, namba ya sanduku moja. Mtu wa posta hakai kuuliza Fulani ni nani. Anaangalia namba, anatumbukiza. Kugawa ni kazi ya mwenye sanduku.

Imeili ni hivyohivyo. Ray Tomlinson alipoichagua alama ya @ mwaka 1971, aliweka mpaka: nyuma yake inakaa posta, mbele yake jina. Kanuni za kusafirisha imeili, zile zinazoitwa RFC 5321 za mwaka 2008, zinasema kwamba sehemu iliyo kabla ya @ inatafsiriwa na posta inayopokea peke yake. Mwingine yeyote njiani haruhusiwi kukisia maana yake. Kwa hiyo kila kampuni inajiwekea sheria zake za ndani, na hapo ndipo utamu na uchungu wote unapoanzia.

Gmail, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2004, haijali doti kabisa. Tuchukue mfano wa mdau@gmail.com. (Nimechagua jina hilo makusudi, Gmail haikubali jina lenye herufi chini ya 6, kwa hiyo hatumsumbui mtu.) Kwa Gmail, mdau, m.dau, md.au na m.d.a.u vyote ni boksi moja. Herufi 4 zina nafasi 3 za kuweka doti, na kila nafasi ama ina doti ama haina, kwa hiyo unapata namna 8 za kuandika. Jina la herufi 10 linatoa namna 512. Halafu kuna alama ya kujumlisha: chochote unachoandika baada yake Gmail inakiruka. mdau+kazi, mdau+mpira, mdau+chochote, zote zinatua palepale, na huko hakuna hesabu ya kumaliza.

Kuna na tatu. Uingereza kuanzia 2005 hadi 2010, na Ujerumani mpaka 2012, watu waliofungua Gmail walipewa anwani zinazoishia na googlemail.com kwa sababu ya ugomvi wa jina la biashara. Mpaka leo gmail.com na googlemail.com ni mlango mmoja.

Sasa usije ukaenda kichwakichwa ukadhani ni hivyo kila mahali. Outlook ya Microsoft inakubali alama ya kujumlisha, ila doti kwake ni herufi kamili: ukiiweka au ukiitoa unamwandikia mtu mwingine. Yahoo nao wanahesabu doti. Na hata hukohuko Google, kama imeili yako ni ya chuo au ya kazini, yenye jina la taasisi baada ya @, doti inahesabika. Juma.ali wa chuo na jumaali wa chuo wanaweza kuwa wanafunzi wawili wasiojuana. Hii inawashika wengi wanaotoka Gmail ya bure na kuhamia imeili ya ofisi.

Tuje upande wa websaiti. Unapojisajili, programu yake inachukua ulichoandika na kukilinganisha na orodha iliyopo. Inalinganisha herufi kwa herufi. Yenyewe inaona maneno mawili tofauti, Gmail inaona boksi moja. Akaunti ya pili ya mtu yuleyule inazaliwa kwenye huo mwanya, kati ya anayesoma jina na anayesoma namba ya sanduku.

Watu wanautumia kwa mambo gani? Kupiga kura mara arobaini kwenye mashindano ya urembo au ya muziki. Kuchukua zawadi ya mgeni kila wiki. Kujisifia, yaani mtu anaandika hoja, halafu anaingia kwa jina la pili kujipongeza, na la tatu kumtukana anayepinga. Vijana wanaona ni utani, lakini wapo walioufanya kazi. Februari 2019 kampuni ya usalama ya Agari ilieleza kundi moja la matapeli lililotumia boksi moja la Gmail kwa namna 56 za doti. Waliomba kadi za mkopo 48 kwenye taasisi nne za fedha za Marekani na kukubaliwa mkopo wa angalau dola 65,000. Boksi moja! Ujumbe wote unaingia sehemu moja, mtu anakaa anachambua kama mchele.

Lakini kuna upande ambao hausemwi sana kwenye kafe. Doti unazoziweka wewe, na mwingine anaweza kuziweka kwenye jina lako.

Aprili 2018 mtaalamu wa programu anayeitwa James Fisher aliandika kisa chake. Alipata ujumbe wa Netflix kwamba kadi yake imekataliwa, abofye aweke kadi nyingine. Ujumbe haukuwa feki, ulitoka Netflix kweli. Alipobofya akakuta tarakimu za mwisho za kadi iliyokataliwa si zake. Akaangalia juu ya ujumbe: anwani ni ya kwake, ila doti zimekaa pengine. Kuna mtu alikuwa amefungua akaunti ya Netflix kwa jina lake lenye doti tofauti, na Netflix wakati huo haikumlazimisha mtu kuthibitisha imeili kabla ya kuanza kutumia.

Fisher akaeleza jinsi tapeli anavyoweza kuchezea hapo. Anatafuta imeili ya Gmail ambayo tayari ina akaunti. Anafungua nyingine kwa doti tofauti, anaweka kadi ya muda kwa ajili ya mwezi wa bure uliokuwepo enzi hizo, halafu anaifuta kadi. Kampuni inamwandikia mwenye boksi: kadi yako imekataliwa. Mwenye boksi anajua kweli ana akaunti, anaingia fasta anaweka kadi yake. Tapeli anabadilisha imeili ya ile akaunti, anaendelea kuangalia sinema kwa hela ya mwenzake. Hakuna virusi, hakuna paswedi iliyoibiwa. Mtu kaingizwa mjini na doti.

Kwa hiyo ukipata ujumbe wa deni, kadi au "thibitisha akaunti", kabla ya kubofya fungua maelezo ya ujumbe, soma umetumwa kwa nani. Kama doti zimekaa namna ambayo huandikagi, akaunti hiyo si yako. Usibofye kitu humo ndani. Fungua websaiti mwenyewe kwa kuandika jina lake, ingia kwenye akaunti yako ya siku zote, angalia kama kweli inadaiwa.

Hapa majina yetu yanaongeza moto. Mtu ana Gmail yenye jina lake na namba mwishoni, anajaza fomu ya kazi, namba anaisahau. Au anaweka doti akiamini doti inatosha kumtofautisha na wajina wake. Barua ya kuitwa kwenye usaili inakwenda kwa mtu mwingine kabisa, pengine yuko Mombasa au Muscat. Ukipokea barua kama hiyo, usiogope kwamba mnatumia boksi moja, hamtumii. Mwenzako kakosea tu anwani yake. Ungwana ni kumjibu aliyetuma kwamba imepotea njia, maana yule anayeingoja hajui kama ilishatumwa.

Alama ya kujumlisha yenyewe ina faida ya halali, na mimi naipenda kuliko doti. Ukijisajili duka fulani kwa mdau+duka, halafu baada ya miezi mitatu unaanza kupata matangazo ya mikopo kwenye mdau+duka, unajua nani kauza jina lako. Si dawa kamili, maana muuzaji mjanja anakata kila kitu kuanzia alama ya kujumlisha kwenda mbele. Na kuna tabu nyingine: websaiti nyingi zimetengenezwa vibaya, zinakwambia hiyo alama si halali. Mbaya zaidi ni ile inayoikubali siku ya kujisajili na kuikataa siku ya kuingia. Kwenye anwani za kurasa alama ya kujumlisha mara nyingi husomeka kama nafasi tupu, kwa hiyo kiungo cha kujitoa kwenye matangazo kinamtafuta "mdau duka", hakimpati, na matangazo yanaendelea. Kama akaunti ni ya maana, mfano ya chuo au ya fedha, weka imeili yako kavu, bila pambo. Wanaotaka kujificha kweli siku hizi wana huduma za anwani za kubuni kama Firefox Relay, au ile ya Apple iliyotoka 2021, zinazokupa jina la ovyo lisilofanana na lako hata kidogo.

Nimalizie na wenye kafe na wateja wao, maana hawa ndio wanaolipa dhambi zisizo zao. Websaiti zimeshashtuka. Zingine sasa zinafuta doti na kukata alama ya kujumlisha kabla ya kulinganisha. Zingine zinadai namba ya simu. Na nyingi zinaangalia namba ya IP, yaani namba ambayo mtandao unakujulia. Tatizo ni kwamba mashine zote za kafe, kumi au ishirini, kwa kawaida zinatoka nje kwa namba moja. Mitandao ya simu nayo mara nyingi inaweka wateja wengi chini ya namba moja, kwa kuwa namba za IP za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Kwa hiyo mshkaji wa mashine namba 3 akifungua akaunti nane za kupigia kura, msimamizi anaona akaunti nane pamoja na yako kutoka mlango mmoja. Anazifungia zote.

Usidhani natia chumvi. Mwanzoni mwa Januari 2007 Wikipedia ilizuia kwa muda mfupi namba moja ya IP isiandike, kwa sababu ya uharibifu uliotoka kwenye namba hiyo. Ikaja kugundulika kwamba karibu watumiaji wote wa intaneti wa Qatar walikuwa wanapitia hapo. Nchi nzima!

Ukifungiwa hivyo, mwandikie msimamizi ukitumia imeili uliyojisajilia, kwa herufi zilezile na doti zilezile. Mtajie jina lako la akaunti, siku na saa uliyoingia, na kwamba ulikuwa kafe. Wanayo kumbukumbu ya akaunti yako, wanaweza kuona kama ni ya muda mrefu na kama inafanana na zile nane. Ila wakati unasubiri jibu, ile doti ya jirani usiiguse. Ukifungua akaunti nyingine kwa imeili hiyohiyo, utakuwa umempa sababu aliyokuwa hana.