Mayai ya Kinyonga wa Pembe Tatu? Uliza Kwanza, Tuma Baadaye

Mteja wetu mmoja wa Kitengela alitupigia simu na swali ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia: akilipia mayai ya kinyonga na mayai yakose kuanguliwa, anaweza kurudishiwa pesa?

Alikuwa amekutana mtandaoni na jamaa anayeuza mayai 20 ya "kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Kenya" kwa Sh9,000, nusu kwanza. Muuzaji alimhakikishia kwamba inkubeta ya kuku inatosha, kwamba yataanguliwa kwa wiki tatu, na kwamba kuna Wazungu watakaonunua kila mtoto kwa bei ya mbuzi. "Tuma na ya kutoa," akamalizia. Mteja alikuwa ashatuma Sh4,500. Ilibaki nusu ya pili.

Pesa tutairudia. Tuanze na mayai, maana anayeyajua mayai haya hangefika hata hatua ya kuweka PIN.

Kinyonga wa pembe tatu hatagi. Huyu wetu wa nyanda za juu, anayeonekana hata kwenye ua wa nyumba za Nairobi, anabeba mimba miezi mitano au sita hivi, kisha anazaa watoto hai. Kila mtoto hutoka amefungwa kwenye utando mwembamba, akaupasua na kuanza kutembea. Kwa hivyo tangazo la mayai yake ni sawa na tangazo la mayai ya ng'ombe.

Wapo vinyonga wanaotaga, ndiyo. Yule wa kijani tunayemwona Pwani na sehemu nyingine nyingi za nchi huchimba shimo, akataga mayai kadhaa na kuyafukia. Huko Marekani na Ulaya, ambako watu wengi hufuga vinyonga nyumbani, wanaopendwa sana ni wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani, na wa Madagaska mwenye rangi kali. Wa Yemen anaweza kutaga mayai 20 hadi 60 kwa mara moja. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeanguliwa kwa wiki tatu. Hiyo ni hesabu ya kuku. Ya Yemen huchukua miezi sita hadi tisa, na ya Madagaska yanaweza kukaribia mwaka.

Kazi yenyewe huanza kabla ya yai kutoka. Jike akikaribia kutaga hutulia kula, hushuka chini na kuzungukazunguka akitafuta mahali. Mfugaji humwekea ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, kisha anamwacha. Akichunguliwachunguliwa anaweza kuacha kuchimba na mayai yakabaki tumboni, na hapo mama mwenyewe yuko hatarini kufa.

Akishafukia, mayai hufukuliwa kwa vidole, polepole, na upande wa juu unabaki juu. Wengi huweka alama ndogo ya penseli ili wasisahau. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, na ndiyo sababu inkubeta nyingi za kuku zina trei inayogeuka. Yai la kinyonga halitaki hivyo: kijusi hujishikiza upande mmoja wa ganda, na ukilipindua baadaye unaweza kukiua. Sasa fikiria yai hilo kwenye kifurushi cha basi la usiku, halafu nyuma ya boda.

Kutoka hapo yanalazwa kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko, yakizama nusu ndani ya vamikulaiti, yale madini mepesi ya kung'aa ambayo wenye vitalu hutumia kuoteshea miche. Unyevu hupimwa kwa ngumi: ukiyafinya yanashikana, lakini maji hayadondoki. Kati ya yai na yai huachwa nafasi ya kidole. Usimwagie yai maji. Kifuniko hufunguliwa mara moja kwa wiki ili hewa ibadilike, basi. Joto ni nyuzi 26 hadi 28. Inkubeta ya kuku huwekwa karibu nyuzi 37.5, na kwa joto hilo mayai haya yanakufa.

Yai zima hubaki jeupe na kuongezeka ukubwa kadiri linavyonyonya maji. Linalogeuka manjano, kubonyea na kuota ukungu limekufa, litolewe lisiambukize mengine. Siku za mwisho ganda hutoa matone kama jasho. Mtoto hulichana, akatoa kichwa, na anaweza kukaa hivyo karibu siku nzima akimalizia kiini alichobaki nacho. Hapo ndipo wengi huharibu kazi ya miezi minane kwa kumvuta.

Na hapa Kenya, hata ukiyajua yote haya, bado kuna sheria. Kufuga, kukusanya au kuuza wanyamapori bila kibali cha KWS ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na biashara ya vinyonga kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES. Usidhani ni kitu kidogo mno kushtakiwa nacho. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au jela miezi 12, kwa sababu ya sisimizi. Sisimizi!

Sasa ile pesa. Sh4,500 za kwanza zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti, na pesa ikishatolewa hatuna pa kuivuta. Ndiyo maana tunasema ukishtuka, piga simu dakika hiyo hiyo, usingoje kesho. Nusu ya pili ilibaki kwake. Kabla hajakata mawasiliano alimwandikia muuzaji swali moja: "Huyu wa pembe tatu si anazaa?" Tiki mbili zikawa za buluu. Kisha akazuiwa.

Tangu hapo ametuuliza jambo lingine, la maana zaidi: jembe likifukua mayai ya kinyonga shambani afanye nini? Ayaache hapo hapo. Yaliyosogea ayarudishe bila kuyapindua, ayafunike kwa udongo ule ule wenye unyevu, aweke kijiti cha alama, na apande mahindi yake hatua mbili pembeni.