Suria Hana Mjomba

Wakristo wengi wa Lushoto wamelisoma neno "masuria" katika Biblia, pale Sulemani anapotajwa kuwa na wake 700 na masuria 300. Hesabu zile zimetengwa makusudi. Suria si mke wa pili wala wa tatu.

Neno lilitoka kwenye Kiarabu, surriyya. Wanalugha wa Kiarabu wenyewe walivutana: wengine walilinasibisha na sirr, yaani siri, wengine na surur, furaha. (Furaha ya nani, hawakusema.) Kisheria hapakuwa na utata: suria ni mjakazi ambaye bwana wake amemweka kinyumba. Hakuposwa, hakutolewa mahari, hakuwa na walii. Lakini mtoto wake, baba akimkubali, huwa huru na hurithi sawa na mtoto wa mke. Mama naye hauziki tena, na bwana akifa anakuwa huru. Ndiyo maana Majid na Barghash, wana wa masuria wa Sultani Sayyid Said, walikalia kiti cha usultani wa Unguja.

Huku Usambara ukewenza ulikuwa na uzito mwingine kabisa. Masimulizi ya Wakilindi, ukoo wa watawala wa milima hii, yanasema Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu, alioa katika koo za sehemu mbalimbali za milima, na wana wakapewa kutawala kwa wajomba zao. Mmoja wa wana hao alikuwa Buge, ambaye mama yake alitoka Vuga. Mbegha alipofariki, wajomba wa Vuga walisimama na mpwa wao, akatawala. Hata akiwa wa mwisho kuolewa, mke wa namna hiyo ana watu nyuma yake: akionewa watauliza, na mwanawe akigombea watabeba silaha.

Suria hana mjomba wa kuuliza. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligeukiana vitani, na mateka wa vita hivyo wakashushwa pwani kuuzwa. Binti wa Kisambaa ambaye jana alikuwa na ukoo mzima, akifika Pangani hakuwa na hata mmoja wa kumdai. Wajakazi wa namna hiyo ndio waliogeuzwa masuria.

Amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ilipotoka mwaka 1897, masuria waliachwa nje kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Ajabu ya sheria! Walisubiri uhuru huo mpaka 1909.