Uhusiano Uliolala

Maofisa waliosoma pamoja katika Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoanzishwa Dodoma kwa sheria ya mwaka 1980, hutawanyika wahitimupo. Barua hupungua, simu hukoma. Je, uhusiano wao umekufa?

Yafaa kusema kwamba umelala. Mwaka 2011 wataalamu Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walichapisha utafiti juu ya mameneja zaidi ya 200 waliokuwa wakisoma wangali kazini. Mameneja hao walitakiwa kuomba ushauri wa kikazi kwa watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka isiyopungua mitatu. Ushauri waliopata ulikuwa na manufaa, tena ulileta mambo mapya kuliko ule wa wenzao wa kila siku.

Sababu yake ni nyepesi. Watu waonanao kila asubuhi hujua mambo yale yale. Aliyekwenda mbali ameona mengine, na kuaminiana kwa zamani hakufutiki upesi.

Tuchukue mfano. Kondoa, ambako mmomonyoko ulichimba makorongo ya kutisha, mifugo iliondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Ofisa wa huko huulizwa daima: mifugo ile nini wakati wa kiangazi? Mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyepangiwa kazi Shinyanga huiona ngitili kila mwaka, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika na kuyafungua kiangazi. Kinachowatenganisha ni haya tu ya kuanza kuandika.